Hivi hizi AC za kuning'inizwa juu ya vichwa vya watu, mpaka lini?

Najua nimepotea kidogo, mambo ya testi na asaimenti si mnayajua wenyewe. Leo nimerudi na hoja moja tu. Wengine mtaiona ndogo, hasa ukiilinganisha na stori za bumu, lakini naomba mnivumilie mpaka mwisho halafu ndio mnipinge.

Hoja yenyewe ni hii. Ile mashine ya nje ya kiyoyozi, lile boksi lenye feni linalonguruma ukutani, isifungwe juu ya njia ya watu wala juu ya mahali watu wanapokaa. Na fundi asipandishwe ghorofani kuifunga bila mkanda na kamba ya usalama. La tatu, na hapa najua tutagombana: wa kuhakikisha hayo mawili si fundi. Ni yule anayetoa hela.

Fanya utafiti mdogo wa macho tu. Zunguka jengo lolote la ofisi hapa Dar, au majengo ya vyuo vyetu, uangalie juu. Utaona maboksi yamepangana ukutani kama viota vya mbayuwayu. Halafu shusha macho uangalie chini yake kuna nini. Kuna kimbweta na watu wanapiga msuli. Kuna bodaboda watatu wanasubiri abiria. Kuna mama ntilie na sufuria zake. Kwa nini wako hapo? Kwa sababu ukuta unaleta kivuli, na Dar kivuli ni mali. Hakuna aliyewaambia wakae hapo na hakuna aliyewaambia wasikae.

Kwa wale ndugu zangu wa masomo ya sanaa nieleze kidogo. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto. Gesi inazunguka kwenye mabomba ya shaba, inabeba joto la chumbani, inakwenda kulitupa nje. Ndiyo maana lazima kuwe na mashine mbili, moja ndani na moja nje. Ile ya nje ndiyo imebeba kompresa, na kompresa ndiyo uzito wenyewe. Mashine ya nje ya BTU 12,000, ambayo ndiyo saizi ya ofisi ndogo, inakuwa na kilo 30 hivi, nyingine zaidi. Na haitulii. Feni inazunguka, kompresa inatetemeka, kutwa nzima, mwaka mzima.

Sasa twende kwenye fizikia ya sekondari. Chukua mashine ya kilo 35, ichomoke ghorofa ya tatu, tuseme mita 10 juu ya ardhi. Itafika chini kwa sekunde 1.4. Ikigusa ardhi itakuwa na mwendo wa mita 14 kwa sekunde, yaani kama kilomita 50 kwa saa. Sekunde moja na nusu haikutoshi hata kuinua kichwa kutoka kwenye daftari. Na hii si nadharia. Agosti 2024 mjini New Delhi, India, mashine ya nje ilidondoka kutoka ghorofani ikamuua kijana wa rika letu aliyekuwa chini kwenye pikipiki yake akiagana na rafiki. Video ilisambaa dunia nzima. Tukaiangalia, tukasema duh, tukaendelea na mambo yetu.

Kuna mtu atasema mashine nzito namna hiyo haiwezi kukaa ukutani hata ufanyeje. Hapana, tuwe wakweli, inakaa. Piga hesabu. Kilo 35 ni kama niutoni 350. Katikati ya uzito iko sentimita 25 hivi kutoka ukutani. Kama vile vyuma viwili vya kubebea vina urefu wa sentimita 35 kwenye ukuta, basi bolti za juu zinavutwa kwa niutoni 250 kwa jumla, yaani 125 kila upande. Hiyo ni sawa na kuning'iniza ndoo ya maji ya lita 12 na nusu. Ukuta mzuri na bolti nzuri haviwezi kushindwa na ndoo ya maji.

Kwa hiyo mashine ikidondoka usiseme ni uzito. Tafuta sababu nyingine, na kwetu huku zipo nyingi tu.

Ya kwanza ni ukuta wenyewe. Kuta zetu nyingi ni za tofali za saruji, na wote tunajua mfuko mmoja wa saruji huwa unatoa tofali ngapi pale mtu anapobana matumizi. Bolti fupi inaishia kwenye lipu, haifiki kwenye tofali, au inafika kwenye tofali linalopukutika kama mkate mkavu. Siku ya kwanza inashika vizuri kabisa. Mtikisiko wa miaka mitatu ndio unaolegeza.

Ya pili ni kutu. Sisi tuko pwani. Upepo wa chumvi unakula chuma cheusi kilichopakwa rangi mara moja tu. Kuanzia Tanga, Unguja, Dar mpaka Mtwara, chuma cha kubebea mashine kinatakiwa kiwe cha zinki nzito au kisichoshika kutu, na bolti vilevile. Mara nyingi unakuta mashine ni mpya ya mamilioni, inabebwa na vyuma vilivyochomelewa mtaani na kupakwa rangi mkono mmoja.

Ya tatu inanichekesha na kunitisha kwa pamoja. Kwa kuogopa wezi wa kopa tunaizungushia mashine kizimba cha nondo na kufuli. Kizimba kina uzito wake. Halafu siku ya sevisi fundi anakosa pa kupita, anakaa juu ya ile mashine au kukanyaga chuma chake. Fundi wa kilo 70 juu ya mashine ya kilo 35, ile ndoo moja imekuwa tatu. Hakuna aliyepiga hesabu ya ndoo tatu wakati wa kufunga.

Tuje kwa fundi sasa. Sote tumeshaona wanavyofanya. Mmoja amekaa kwenye dirisha, mguu mmoja ndani mmoja nje, drili mkononi. Mwenzake yuko ndani amemshika mkanda wa suruali. Chini kuna kijana wa deiwaka anaivuta mashine kwa kamba ya katani, na yeye mwenyewe amesimama chini ya mzigo. Kofia ngumu hakuna. Kamba ya usalama hakuna. Watu wanapita katikati yao kama kawaida. Tukiuliza tunaambiwa "amezoea huyo". Jamani, ardhi haimjui aliyezoea.

Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na tuna wakala wake, OSHA. Kampuni kubwa wanaijua na wanakaguliwa. Lakini viyoyozi vingi havifungwi na kampuni kubwa. Vinafungwa na fundi aliyepatikana kwa namba ya simu kutoka kwa jirani. Bosi wake ni nani siku hiyo? Kwa maoni yangu ni wewe uliyempigia. Umembembeleza apunguze hela ya ufundi mpaka imebaki nauli na chakula. Ulipokata ile hela ya mwisho ulidhani unakata faida yake. Ulichokata ni kamba, ni bolti ndefu, na ni msaidizi wa pili ambaye angesimama chini kuzuia watu wasipite.

Urefu ni jambo moja tu. Kuna umeme na gesi. Mashine ya nje inataka laini yake peke yake kutoka kwenye meni swichi, yenye breka yake, na swichi ya kuzimia karibu na mashine ili anayeitengeneza awe na uhakika kwamba hakuna mtu ndani atakayeiwasha. Inataka waya wa kijani na njano unaokwenda ardhini kweli, sio uliokunjwa na kufichwa kwenye boksi. Kuchomeka kwenye ekstensheni ya kuchajia simu ni kutafuta moto. Hata ukizima umeme, kapasita iliyomo ndani inaweza kubaki na chaji ya kumrusha mtu. Na mtu akirushwa akiwa dirishani ghorofa ya tatu, sio umeme utakaomuua.

Gesi nayo imebadilika. Zamani ilikuwa R-22, ambayo dunia inaiondoa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuwa inaharibu ozoni. Ikaja R-410A, ambayo presha yake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya zamani. Mwaka 2016, hapo jirani Kigali, nchi zikakubaliana kupunguza na hizi zinazoongeza joto la dunia. Mashine nyingi mpya sasa zinakuja na R-32, ambayo inaweza kushika moto japo si kwa wepesi, na nyingine zina R-290, ambayo ni propeni, ndugu wa gesi ya kupikia. Kwa hiyo fundi aliyejifunzia R-22 kwa kuangalia wenzake anahitaji kurudi darasani. Kupima kama bomba linavuja anatakiwa ajaze naitrojeni, kamwe asijaze oksijeni, maana oksijeni ya presha ikikutana na oili ya kompresa inalipuka. Na hewa iliyomo kwenye mabomba inatolewa kwa pampu, haifukuzwi kwa kuachia gesi. VETA wanafundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi. Si vibaya kumuuliza fundi amesomea wapi, mbona sisi tukienda mazoezi ya kufundisha tunaulizwa barua?

Najua majibu mtakayonipa. La kwanza: "mbona miaka yote hazijadondoka?" Ni kweli, nyingi hazijadondoka. Lakini kutu haitoi tangazo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe uko juu ya vichwa vya watu.

La pili: "mafundi wenyewe hawataki kamba, inawachelewesha." Hili nalikubali nusu. Nimewasikia wakisema hivyo. Lakini anayelipwa kwa kazi, si kwa siku, lazima akimbie. Mlipe muda wa kufunga kamba uone kama ataikataa.

La tatu ndilo zito: "hela hakuna." Hapo nasema hivi. Sehemu kubwa ya ninayoyaomba haiongezi gharama, inabadilisha mahali tu. Kabla ya kutoboa ukuta jiulize maswali haya:

1. Je, inaweza kukaa chini kwenye kitako cha zege, au juu ya paa la zege, badala ya ukutani? Mashine ya chini haidondoki, na sevisi yake haihitaji sarakasi.

2. Kama ni lazima ukutani, kuna upande ambao hapiti mtu? Kama haupo, unaweza kupanda maua chini yake au kuweka uzio mfupi ili watu wasikae?

3. Kama ni kwenye roshani, iko mbali na vyuma vya ukingo? Mtoto wa miaka minne anaiona mashine kama ngazi.

4. Ina nafasi ya kupumua? Kitabu chake kinasema iachiwe kiasi gani nyuma na mbele. Ukiibana inameza moto wake yenyewe, LUKU inakwisha na kompresa inakufa mapema.

5. Yale maji ya ile ya ndani yanaishia wapi? Kwa unyevu wa Dar yanatoka kwa lita. Yakidondokea kwenye ngazi kuna mtu atavunjika mguu.

Na kwa zile ambazo tayari zimefungwa, ofisi za milki za vyuo vyetu zingepita mara moja kwa mwaka, kabla ya joto la Desemba, kugusa kila bolti na kukwangua kila kutu. Singapore wana kanuni za viyoyozi peke yake, na zinataka vyuma visivyoshika kutu na mafundi waliofunzwa kazi hiyo. Sidai tuwe Singapore. Nadai ngazi, spana na fundi mmoja aliyefungwa kamba, siku mbili kwa mwaka.

Kwa nini mwanafunzi wa ualimu analipigia kelele hili? Kwa sababu miaka 10 ijayo ni sisi hawa hawa tutakuwa wakuu wa shule na maafisa elimu. Kutakuwa na chumba cha kompyuta, kutakuwa na mfadhili wa kiyoyozi, na hati ya malipo itakuja mezani isainiwe. Chini ya dirisha la chumba hicho ndiko watoto wanakopanga mstari asubuhi. Hapo hakutakuwa na mtu wa kulaumu, maana mtoa hela ni wewe.

Mpaka hapo itakapobadilika, ukiona kimbweta kiko chini ya boksi, hamia kingine. Kivuli cha mwembe ni kizuri vilevile, na embe likidondoka unalila.

Naomba kuwasilisha.