Mchezo wa Mtoto si Upuuzi

Neno mchezo limeonewa katika vinywa vyetu. Mtu akitaka kueleza kwamba jambo ni zito, husema si mchezo. Mzazi akikasirika husema, "Usinichezee." Hata fundi wa baiskeli akiona gurudumu halikukazwa, hunena kwamba linacheza. Kwa hiyo si ajabu kwamba mtoto wa miaka minne, aliyeketi mchangani na rundo la simbi mbele yake, huhesabiwa kuwa hana alifanyalo, na kila mkubwa apitaye hujiona ana ruhusa ya kumwinua na kumtuma. Desturi hiyo naipinga. Nakuomba wewe, msomaji, uliye mwanafunzi wa shule ya sekondari, unisikilize, kwa sababu katika nyumba nyingi mkono umwinuao mtoto yule si wa baba wala wa mama. Ni wako.

Kuruwitu ni kijiji cha pwani katika Kaunti ya Kilifi, karibu na Vipingo. Maji yakipwa, miamba hubaki wazi, na vidimbwi hung'aa juani kama vipande vya kioo. Siku moja nilipita huko nikamwona mtoto mmoja wa kiume uani kwao, akiwa amezipanga simbi mafungu matatu. Kubwa alikuwa ameziita changu, ndogo tafi, na zile za madoa pono. Kifuu cha nazi kilikuwa mizani yake. Changu aliuza shilingi ishirini, tafi shilingi kumi, na dada yake mdogo alipokuja kununua kwa gao la mchanga, alimtazama kwa ukali akamwambia, "Jana ulichukua hukulipa." Nimewajua wafanyabiashara wazima wasio na kumbukumbu kama hiyo.

Mara akatokea kaka yake, amevaa sare za shule. "Acha mchezo, njoo usome!" alisema. Simbi zikasukumwa kwa mguu, mtoto akaketishwa juu ya kigoda na daftari magotini, akaamriwa aandike tarakimu ya tatu mpaka ukurasa ujae. Alipofika mstari wa tano, tatu zake zilikuwa zimegeukiana migongo kama watu waliogombana, na macho yake yalikuwa yamekwisha rudi mchangani.

Sasa nakuuliza, hesabu ilikuwa wapi? Ilikuwa katika daftari, au ilikuwa mchangani? Katika mchanga mtoto yule alikuwa akitenga vitu kwa sura na ukubwa wake, akilinganisha thamani, akikumbuka deni la jana, akisema kwa sentensi zilizokamilika, na akijizuia asimpige dada yake ijapokuwa alikuwa na sababu. Tena alikuwa akifanya jambo kubwa kuliko hayo yote. Alichukua simbi, kitu kisicho samaki, akakubaliana na moyo wake kwamba ni samaki, akalishika agano hilo mpaka mwisho. Kusoma ni nini ila agano la namna hiyo hiyo? Herufi si sauti, lakini sisi tumekubaliana kwamba iwe sauti. Tarakimu ya tatu si vitu vitatu, lakini husimama mahali pake. Mtoto asiyezoea kuona samaki katika simbi, ataonaje sauti katika wino? Kaka yake alidhani anamtoa katika upuuzi na kumtia katika elimu. Alimtoa katika elimu akamtia katika kuchoka.

Najua nitakavyojibiwa. Wazee watanikumbusha kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ni kweli, lakini methali hiyo yasema juu ya mzaha, na mtoto achezaye hafanyi mzaha hata kidogo. Mtazame uso wake anapojenga nyumba ya mchanga, kisha utazame uso wa karani ofisini, unieleze ni yupi kati yao aliye katika kazi kwa moyo wote. Wengine watasema samaki mkunje angali mbichi, na kwa methali hiyo watahalalisha fimbo, ukali na daftari. Wenye kusema hivyo yafaa waende bandarini wakamtazame mvuvi. Samaki mbichi hukunjwa kwa mkono mwororo, taratibu, kwa kufuata mgongo wake. Akitumia nguvu nyama hupasuka, na mnunuzi hupita bila kuuliza bei.

Wenyeji wa Kuruwitu hawana haja ya kufundishwa nami habari za kuvipa vichanga nafasi ya kukua. Mwaka 2003 waliunda chama chao cha uhifadhi, na miaka michache baadaye wakatenga sehemu ya bahari, kiasi cha hekta 30 hivi, isivuliwe kabisa. Kumwambia mtu mwenye njaa ya leo aache samaki wa leo si jambo jepesi. Lakini matumbawe yalianza kupona, samaki wakarudi, na mwaka 2017 kazi ile ilipewa Tuzo ya Ikweta na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Watu walioweza kukubali kwamba samaki mdogo asisumbuliwe mpaka akomae, wanawezaje kumkatalia mtoto wao saa mbili za mchanga?

Lakini samaki hukua peke yake akiachwa, na mtoto hakui hivyo. Hapa ndipo wengi wa watetezi wa mchezo wanapokosea, nami sitaki kukosea pamoja nao. Mtoto ahitaji mtu wa kucheza naye na kusema naye. Katika miaka ya 1980, huko Kingston, Jamaika, wataalamu waliwachukua watoto 129 waliodumaa kwa utapiamlo, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa mtaa, saa moja kila juma kwa miaka miwili. Mhudumu alimwonyesha mama namna ya kucheza na mwanawe kwa vitu vilivyotengenezwa kwa vifaa vya kawaida, na namna ya kumsemesha, basi. Miaka 20 baadaye, wale waliochezewa walikuwa wakipata mapato makubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakuchezewa. Hayo yalitoka katika saa moja kwa juma na vitu vya kuokota, si katika mali. Na hapa kwetu, Bi Swafiya Said alipoanza kuwafunza walimu wa chekechea za madrasa mjini Mombasa katika miaka hiyo hiyo ya 1980, mambo ya mahali petu, vitu vyetu na hadithi zetu vilipewa nafasi katika mafunzo.

Utaniambia nyumbani hakuna nafasi. Baba yuko baharini, mama yuko sokoni au shambani, nawe una kazi ya shule na mtihani mbele yako. Nakubali yote hayo. Lakini sikuombi uache kazi. Nazi lazima ikunwe. Unapoketi juu ya mbuzi, mpe mtoto kifumbu akishike, umwulize kwa nini tui lapita na machicha yabaki. Unapoanika nguo, mwache akupe za baba kwanza, kisha za mama, kisha zake. Unaporudi kisimani, mhesabu hatua pamoja, na akiruka kutoka saba hadi kumi usimcheke wala usimkaripie. Endelea wewe, saba, nane, tisa, naye atakufuata. Usiku, kabla ya usingizi, mtegee vitendawili, tena vitunge mwenyewe juu ya vitu alivyoviona mchana. Mfundishe mdako, ambao kijiwe kimoja hurushwa juu huku vingine vikitolewa shimoni, maana mkono uliozoea kudaka kijiwe hautababaishwa na kalamu. Akivunja masharti ya mchezo, msikilize kwanza. Huenda ametunga masharti mapya, na yamkini ni mazuri kuliko yako.

Jambo moja usilifanye ni kumpa simu ili anyamaze. Najua hunyamaza. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asiketishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Kioo husema, lakini hakingojei jibu. Hakimwambii mtu, "Jana hukulipa."

Limebaki neno ambalo wavulana hawatalipenda. Tazama nyumba yoyote saa kumi za jioni. Msichana amerudi kutoka shule ile ile, amesomea darasa lile lile na anangojewa na mtihani ule ule, lakini mtoto yuko mgongoni mwake, ndoo iko kichwani, na moto unamsubiri. Mvulana yuko uwanjani na mpira. Yaani yeye ambaye amekwisha kuwa mkubwa ndiye apewaye mchezo, na mtoto mdogo, ambaye mchezo ni chakula cha akili yake, amefungwa kwa kanga, hawezi kushika kitu. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 yamtambua kila mtoto kuwa na haki ya kucheza. Haikusema kwamba haki hiyo ni ya kaka peke yake. Mpira hautaharibika kwa kungoja nusu saa. Mpokee dada yako mtoto, mfungue, mketishe mchangani, nawe uketi. Na akikuuzia tafi kwa shilingi kumi, usimkope.