Mkufu wa sahihi za watu

Wengine wanasema mapambo ya Waashuri ni ya dunia nzima, juu wenyewe walikwisha kufa. Sisi tunakataa!

Mwaka 1869 Austen Henry Layard, yule Mwingereza aliyechimbua Nimrud kule Iraki, alioa. Bibi yake Enid akapewa mkufu, bangili na hereni za mihuri ya mawe ya Mesopotamia, iliyofungwa dhahabu huko London. Leo viko British Museum. Sasa muhuri ule ni nini? Ni sahihi ya mtu. Aliubingirisha juu ya udongo mbichi, picha ya mungu wake ikabaki, na deni likajulikana ni la nani. Watatujibu: hata wenyewe waliivaa shingoni. Ndiyo, lakini kila mmoja alivaa wa kwake! Enid alivaa sahihi za watu wengi, hata moja si yake.

Na Waashuri wapo: Iraki, Siria, hata Chicago, na lugha yao wanaisema. Jumba la Nimrud lililipuliwa na Daesh mwaka 2015. Pigo lile njo lao. Basi sonara anayechonga lamassu, ng'ombe wa mabawa mwenye kichwa cha mtu, asituandikie "hadithi za kale" tu. Za nani?