Kadi Yako ya Kliniki Siyo ya Bosi (Sehemu ya 4)

Mama zangu, leo nina hasira. Wadada wanakuja na fomu za kiwanda cha wageni: pima mimba, pima VVU, andika majibu, gonga muhuri, rudisha kwa HR. Ya nini? Mkojo ndio unashona nguo?

Sheria ya Ajira ya 2004 inakataza kubagua mtu kwa ujauzito au VVU, hata kwenye kuajiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inaita habari za afya taarifa nyeti, zinazotaka ridhaa yako ya maandishi. Mwekezaji naye yumo, asijifanye hajui Kiswahili.

Mtasema, "Nesi, mwenye njaa anasaini chochote." Najua! Ndiyo maana nawagombeza wao, siyo wewe. Ridhaa ya "saini au rudi nyumbani" ni ridhaa gani hiyo?

Na hili mlijue: taarifa ya likizo ya uzazi mwajiri anapewa angalau miezi 3 kabla ya kujifungua. Mwenye mimba ya wiki 8 hajamficha mtu kitu.

Mimi majibu nampa mwenye mkojo, mkononi. Fomu yao irudi tupu.