WALUIGI NI WA NANI?



Juma lililopita kulitokea ugomvi katika internat. Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa pili aliandika hadithi katika daftari lake juu ya Waluigi, ule mutu murefu mwembamba wa michezo ya video ya Nintendo. Aliandika kwamba Waluigi ni mdogo wa Wario, na kwamba moyo wake ulikuwa mubaya sababu hakuna mutu anayemwalika. Mkubwa mmoja akasoma, akacheka, akasema: «Uongo mutupu! Wenye kutengeneza mchezo hawakusema vile.» Akapasua kurasa mbili. Tangu siku ile mdogo haandiki tena.

Mimi ninasema: mkubwa alikosa.

Kwa wale wasiojua, Waluigi alionekana mara ya kwanza mwaka 2000 katika Mario Tennis, mchezo uliotengenezwa na kompanyi Camelot ya Japani kwa ajili ya Nintendo. Katika tenisi ya wawili kwa wawili, Mario alikuwa na ndugu yake Luigi, lakini Wario hakuwa na mwenzake. Basi wakamtengenezea mmoja. Jina lake ni neno la Kijapani «warui», maana yake mubaya, lililounganishwa na Luigi. Kwenye kofia yake iko L iliyogeuzwa kichwa chini. Ni ile tu! Tangu hapo anacheza tenisi, anashindana na magari, lakini hakupata hata mchezo mmoja wenye jina lake. Mwezi wa 12 mwaka 2018, Super Smash Bros. Ultimate ilitoka na wapiganaji zaidi ya 70. Waluigi akaingia kama musaidizi tu, huwezi kumchagua. Wachezaji wengi katika dunia walinung'unika.

Sasa munisikilize. Wazazi wake ni nani? Analala wapi? Michezo haielezi. Mutu akikuachia chungu kitupu, asikasirike ukipika ndani. Babu zetu walifanya vile na Kalulu: kila kijiji kilimwongezea maneno, na hakuna aliyeomba karatasi ya ruhusa.

Lakini mdogo naye alikosa kidogo. Wakati wa kula alishindana na wenzake kwamba mambo yake ni kweli kabisa, kwamba kila mutu anayajua. Hapana. Kuko vitu vitatu, tusivichanganye: kile mchezo unaonyesha, kile watengenezaji walisema, na kile sisi tunaongeza. Katika hadithi andika unavyotaka. Katika mabishano sema: «Mimi ninawaza vile.» Na kama kesho watengenezaji wakisema neno lingine, tukubali, mchezo ni wao. Hata hivyo hadithi itabaki yako, sababu wewe njo uliiandika.

Neno hujibiwa kwa neno, si kwa kupasua. Mkubwa angeweza kuandika hadithi yake, tungesoma zote mbili.

Basi mkubwa, ninakuomba: tafuta daftari jipya, umupelekee mdogo wako, umuombe musamaha. Na wewe mdogo, andika tena. Sisi wa mwaka wa ine tulikuwa tumefika katikati. Tunangoja kujua kama kuko mutu aliyemwalika Waluigi.

Mwanafunzi wa mwaka wa ine