Tazama Betri Kwanza: Baiskeli ya Umeme kwa Kijana wa Dar



Siku hizi kila kikao cha vijana kikifunga ajenda, swali linalofuata ni lile lile: "Wewe mwanasheria wetu, hizi baiskeli za umeme zinalipa kweli au ni kiki tu?" Naulizwa kwa sababu wengi wanajua nimekuwa nikizunguka madukani Kariakoo na kwa mafundi nikitafuta ya kwangu. Nimeona niandike mara moja, tusome wote.

Jibu langu ni kwamba inalipa, ila kwa yule anayechagua betri kwanza na mengine baadaye. Ukichagua kwa rangi, taa na maneno ya muuzaji, baiskeli itakufa kabla haijakurudishia hela yako. Na kuna sehemu ya kazi ambayo mnunuzi hata awe mjanja vipi hawezi kuifanya, hiyo ni ya serikali. Nitafika huko.

Tuanze na nauli

Mimi naishi Tabata, chuo kiko upande wa Mlimani. Kwenda tu ni kama kilomita 10, na napanda gari mbili. Kwa nauli za LATRA za Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600 kwa mtu mzima. Mwanafunzi wa chuo hana sare, kwa hiyo konda hamtambui kama denti. Gari mbili kwenda, mbili kurudi, ni 2,400 kwa siku. Siku 22 za mwezi ni 52,800.

Kwa anayeishi kwa boom ya 10,000 kwa siku, chakula na malazi humo humo, nauli peke yake inakula karibu robo. Hapo hujapanda bodaboda hata siku moja, na wote tunajua siku ya mvua au ya mtihani inakuwaje.

Sasa upande wa umeme. Baiskeli ya kawaida, ukiwa unakanyaga na mota inakusaidia, inakula kama wati-saa 10 mpaka 15 kwa kilomita. Tuchukue 15, tusijidanganye. Kilomita 20 kwenda na kurudi ni wati-saa 300. Chaja nayo hupoteza kidogo, tuseme 350. Hiyo ni kama theluthi moja ya yuniti ya LUKU. Kwa bei ya kawaida ya shilingi 356 kwa yuniti, pamoja na kodi na tozo zake, safari ya siku nzima inakugharimu kama shilingi 125. Mwezi mzima haufiki 3,000.

Weka na shilingi 8,000 za tairi, breki na fundi kila mwezi. Unabaki umeokoa kama 42,000. Namba hii ishike, ndiyo itakayotuamulia.

Betri ndiyo baiskeli yenyewe

Madukani utaambiwa "hii inakwenda kilomita 60". Usibishane naye, muulize maswali mawili tu: volti ngapi, na Ah ngapi? Zidisha. Volti 36 mara Ah 10 ni wati-saa 360. Volti 48 mara Ah 10 ni wati-saa 480. Kisha gawanya kwa 15. Ya kwanza itakupa kilomita 24, ya pili 32. Hizo 60 alizitoa kwa mtu mwepesi, barabara tambarare, upepo mgongoni, na anakanyaga muda mwingi mwenyewe.

Kanuni ninayotumia: chukua kilomita zako za siku, zidisha kwa 15, ongeza theluthi juu yake kwa sababu betri inazeeka. Kwangu 300 inakuwa 400. Kwa hiyo ya 360 naiacha, natafuta ya 400 kwenda juu. Anayetoka Sinza kwenda Mwenge hana haja ya kubeba gharama ya 480. Pima njia yako, usipime ya jirani.

Swali la tatu: betri ni ya risasi au ya lithiamu? Hapa ndipo vijana wengi wanapopigwa. Baiskeli ya volti 48 yenye betri za risasi inabeba betri nne za volti 12, kila moja karibu kilo 4. Unabeba kilo 16 hata kama umeme umekwisha na unakanyaga mwenyewe. Ya lithiamu yenye uwezo wa kukaribiana ina kama kilo 3. Tena betri ya risasi inayochajiwa kila siku kwenye joto letu, usiitegemee zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Lithiamu nzuri, ikitunzwa, inakupa miaka mitatu.

Tuweke bei. Hizi ni bei nilizotajiwa mimi kwa mdomo, kwako zinaweza kupanda au kushuka, ila hesabu ni ile ile. Ya risasi 850,000. Ukiokoa 42,000 kwa mwezi unahitaji miezi 20 kurudisha hela, na betri inakufa mwezi wa 18. Yaani kabla haijajilipa unaingia tena mfukoni. Ya lithiamu 1,300,000, inajilipa mwezi wa 31, na betri inakaa mpaka wa 36. Imepona kwa kidogo. Rahisi imekuwa ghali, ghali imekuwa nafuu.

Kuna njia ya tatu ambayo ndiyo naipendekeza kwa mwenye mfuko kama wangu: baiskeli ya mtumba iliyo imara, ile ya chuma yenye fremu iliyoshuka mbele, halafu unamfungia seti ya mota. Seti ni ringi yenye mota ndani, kontrola, kifaa cha kuhisi kukanyaga, breki zinazokata umeme, na betri ya lithiamu. Mimi nimetajiwa 200,000 ya baiskeli na 700,000 ya seti. Jumla 900,000, inajilipa ndani ya miezi 22. Faida nyingine ni kwamba tairi, spoku na mnyororo ni vile ambavyo fundi yeyote wa mtaani anavyo. Kwa dada zangu, fremu iliyoshuka inakuruhusu kupanda na gauni au baibui bila shida.

Mengine ya kuangalia kabla ya kutoa hela

Mota ya wati 250 inatosha kupanda mlima wa Mlimani mradi na wewe unakanyaga. Ukiwa mzito au unabeba mzigo, nenda 350. Wanaosifia wati 1,000 waulize breki zao zikoje.

Breki ya diski walau mbele. Baiskeli hizi ni nzito na zina kasi kuliko ulizozizoea, na mvua ya masika haisubiri.

Betri iwe ya kutoa. Wengi wetu tumepanga, na hakuna anayelaza baiskeli kwenye korido mpaka asubuhi akaikuta. Unatoa betri, unapanda nayo chumbani. Na kama LUKU mnachangia, mwambie mwenye nyumba na wapangaji wenzako mapema: ni kama yuniti 8 kwa mwezi, na utachangia ngapi. Ugomvi wa LUKU umevunja nyumba nyingi kuliko kelele za muziki.

Chaji ukiwa macho, sakafuni, mbali na godoro na pazia, kwa chaja iliyokuja na betri hiyo. Usikubali betri iliyounganishwa na fundi kwa seli za kompyuta chakavu. Lithiamu ikiwaka ndani ya chumba kimoja chenye mlango mmoja, hakuna mjadala.

Maji ya mvua inavumilia. Maji ya Jangwani yakifurika haivumilii. Shuka, isukume kwa njia nyingine, au acha safari.

Hapa sasa naongea kama mwanafunzi wa sheria

Watu wanadhani ukishatoka dukani shauri limekwisha, kwa sababu risiti imeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi". Sivyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kitu anakitaka kwa kazi gani na akategemea ujuzi wake: bidhaa inapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Ikiuzwa kwa maelezo, lazima ilingane na maelezo. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji.

Shida yetu ni ushahidi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mtumie muuzaji ujumbe wa WhatsApp: "Nataka baiskeli ya kwenda na kurudi kilomita 20 kila siku, barabara ina mlima, betri iwe ya lithiamu ya wati-saa zisizopungua 400. Hii uliyonionyesha inafaa?" Akijibu "inafaa", umeshaiweka ahadi yake kwenye maandishi. Dai risiti ya EFD, na iandikwe aina ya betri, volti, Ah na miezi ya garantii. Duka moja niliomba hivyo, nikaambiwa "dada, wewe unanunua au umekuja kukagua?" Nikaondoka. Anayekataa kuandika anachokisema ameshakuambia unachohitaji kujua.

Kazi ambayo si ya mnunuzi

Hebu tuseme umefanya yote. Umechagua vizuri, una risiti, unatoka Tabata unaingia Barabara ya Mandela. Unakutana na malori ya bandarini upande wa kulia na mtaro upande wa kushoto. Katikati hapo ndipo njia yako. Betri nzuri haikusaidii kitu.

Barabara za mwendokasi awamu ya kwanza, zilizoanza kutoa huduma Mei 2016, zilijengewa njia ya baiskeli pembeni. Ukipita leo, sehemu nyingi ni bodaboda, meza za biashara na magari yaliyoegeshwa. Simlaumu machinga, naye hajapangiwa pa kukaa. Namuuliza aliyepewa dhamana ya barabara, iwe ni TANROADS au TARURA: njia ikishajengwa, nani anailinda?

Na sheria nayo. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Iliandikwa wakati baiskeli ni baiskeli na pikipiki ni pikipiki. Hii yenye pedali na kimota kidogo inaangukia wapi? Umoja wa Ulaya walilimaliza kwa sentensi moja: mota isiyozidi wati 250, inayosaidia pale tu unapokanyaga, na inayokata msaada ukifika kilomita 25 kwa saa, hiyo ni baiskeli. Jirani zetu Kenya, mwaka 2023 waliitaja baiskeli ya umeme kwa jina kwenye sheria ya VAT na kuiwekea kiwango cha sifuri. Kitu kisichotajwa kwenye sheria, bei yake anaipanga mwenye filimbi barabarani.

Kwa hiyo madai yetu vijana yawe matatu, na tuyabebe kwa madiwani na wabunge bila kujali rangi ya kadi zao:

1. Baiskeli ya umeme itajwe kwa jina kwenye sheria ya barabarani na kwenye sheria za kodi. Yenye mota ndogo ihesabiwe baiskeli, isidaiwe leseni wala usajili wa pikipiki.

2. Hakuna barabara kuu ya mjini kujengwa au kupanuliwa bila njia ya baiskeli iliyotenganishwa na malori, na zilizopo zisafishwe, sambamba na machinga kupewa maeneo yenye wateja.

3. TBS isimamie lebo ya betri: aina, volti, Ah na wati-saa, kwa Kiswahili, juu ya kila baiskeli ya umeme inayouzwa nchini. Bila lebo, isiingie sokoni.

Tumeambiwa bwawa la Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Safi. Kijana wa Tabata anaomba theluthi ya yuniti moja kwa siku, na mita moja na nusu ya lami asigongwe. Hayo si maombi makubwa.

Wewe unayekwenda kununua wiki hii, nenda na kikokotoo, pima njia yako, dai maandishi. Na jina la diwani wako kama hulijui, lijue kabla ya kikao kijacho cha kata. Tutakwenda pamoja.