Zawadi kwa Msomaji

Kila mwaka Noeli inapokaribia, na tena mwezi wa Julai wanafunzi wanapopewa matokeo yao, maduka ya Butembo na Beni hujaa watu watafutao zawadi. Huyu hununua viatu, yule saa, mwingine peremende. Hatulaumu. Lakini ikiwa mtoto wa jamaa yako apenda kusoma, yakupasa kujiuliza mambo mawili: wamnunulia nini, na wanunua kwa nani? Leo twataka kusema hasa juu ya hilo la pili, maana ndilo tusahaulo.

Wahenga walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno hili ni kweli kwa kitenge na kwa maharagwe, maana uzuri wake huonekana kwa macho na kupimwa kwa vidole. Kitabu sivyo. Utamu wake umo ndani, nacho kimefungwa. Chahitaji mtu aliyekwisha kukisoma, awezaye kusema: “Hiki ni kigumu kwa mtoto wa miaka kumi, mpe hiki.” Mtu huyo ni mwuza vitabu mwenye duka lake dogo, ajuaye wateja wake kwa nyuso.

Tuifikiri kazi yake. Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Mali zao hutoka hata Dubai na China, na nyingi hupitia Mombasa, Kampala na mpaka wa Kasindi. Lakini vitabu vya waandishi wetu, kama vile vya Zamenga Batukezanga aliyefariki mwaka 2000, vilipigwa chapa Kinshasa, upande wa pili wa nchi, wala hakuna reli ituunganishayo nako. Mauaji yaliyoanza mwaka 2014 katika eneo la Beni yameongeza hofu njiani. Mwuza vitabu hulipa nauli kabla hajauza hata kimoja, na kitabu chaweza kukaa rafuni mwaka mzima, fedha yake imelala. Mwezi wa Septemba wazazi huja kutafuta vitabu vya shule, kisha hutoweka. Zawadi zetu ndizo ziwezazo kumvusha miezi iliyobaki.

Wenzetu wengine wameliona jambo hili. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1981: bei ya kitabu kipya hupangwa na mchapishaji, wala mwuzaji haruhusiwi kuipunguza zaidi ya asilimia 5, ili duka kubwa lisimmeze mdogo. Huko Catalonia, nchini Hispania, watu hupeana vitabu na mawaridi tarehe 23 Aprili, sikukuu ya Mtakatifu Jorji. Sisi hatuna sheria kama hiyo, ila hakuna atuzuiaye kuwa na desturi njema.

Basi, yafaa kufanya hivi. Nenda dukani mapema, umweleze mwuzaji msomaji wako ni nani. Kitabu kisipokuwapo, kiagize na uache arubuni. Usinunue kitabu kilichonakiliwa kwa wizi, maana humo mwandishi hapati kitu, wala mwuzaji mwaminifu. Usidharau kitabu kilichokwisha kusomwa na mwingine, wala kitabu cha Kiswahili. Bei ikiwa kubwa, wajomba, shangazi na msimamizi wa ubatizo wachange. Haba na haba hujaza kibaba.

Mtu atasema: “Wakimbizi wamejaa mjini, watu wana njaa, nanyi mwataja vitabu?” Hatumwambii mwenye njaa aache unga. Twasema na yule aliyekwisha kuamua kutoa zawadi, naye fedha anayo mkononi.

Duka la vitabu likifungwa, mahali pake patauzwa simu au sabuni, wala hatalia mtu siku hiyo. Hasara itaonekana baadaye. Mwaka 1989 Askofu Emmanuel Kataliko alianzisha Chuo Kikuu Katoliki cha Graben hapa Butembo, ili vijana wetu wasilazimike kwenda mbali kutafuta elimu. Chuo cha namna hiyo chahitaji vijana waliozoea kufungua kitabu tangu utotoni, nao huzoea pale wapatapo vitabu karibu. Kabla ya Noeli hii, basi, piteni kwanza kwa mwuza vitabu wa mtaa wenu.