HABARI SI MZIGO WA MNUNUZI MMOJA

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la chama nijibu maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi mwezi uliopita. Ndugu mmoja alisimama akasema kuwa ugomvi wa Google, Microsoft na wenye magazeti ni ugomvi wa matajiri, na sisi watu wa reli tuna mambo yetu ya mishahara na nyumba. Akaongeza kuwa gazeti ni mali ya mwenyewe, na mwenye mali ana ruhusa ya kumwuzia amtakaye. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga.

Kwanza tufahamu jambo lenyewe. Mtambo wa kutafutia habari ni kama kitabu cha mizigo cha stesheni. Kampuni hutuma programu yake izunguke usiku na mchana, isome kurasa za magazeti, kisha iandike kitabuni kuwa neno fulani liko ukurasa fulani. Wewe ukiwa hapa Membley ukauliza kwa simu kama treni ya Ruiru inakwenda leo, mtambo haukimbii magazetini wakati ule. Unafungua kitabu chake. Na mwenye ukurasa anaweza kuweka ilani mlangoni kwamba programu ya kampuni hii ipite, ya kampuni ile isipite. Hapo ndipo kufuli ilipo. Habari ambayo haikuandikwa kitabuni, kwako wewe ni kama haikutokea.

Mwaka 2009 Microsoft ilifungua mtambo wake uitwao Bing, ikakuta Google imekwisha kushika njia karibu yote. Mwezi wa Novemba mwaka ule ikajulikana kuwa Microsoft inazungumza na News Corp, kampuni ya Rupert Murdoch mwenye magazeti Marekani, Uingereza na Australia, ili alipwe fedha ayaondoe magazeti yake katika kitabu cha Google. Fahamuni vizuri, ndugu zangu. Hawakuzungumza kumlipa mwandishi aandike zaidi. Walizungumza kulipa ili habari ISIONEKANE mahali pengine. Mazungumzo yale hayakuzaa kitu, lakini mbegu ilibaki ardhini.

Februari 2024 Google ilipatana na Reddit, mahali ambapo watu wa kawaida huulizana na kujibizana bure, na bei ikatajwa kuwa dola milioni 60 kwa mwaka. Kufika Julai, maandiko mapya ya watu hao yalikuwa hayaonekani tena katika Bing. Reddit wakasema mambo hayo mawili hayahusiani. Haya, tusibishane nao; twaona tu kwamba aliyelipa aliachiwa mlango wazi. Walioandika hawakuulizwa, na fedha zile hazikuwafikia. Na Mei mwaka ule ule News Corp iliwauzia OpenAI, wenye ChatGPT, ruhusa ya kutumia habari za magazeti yake, kwa thamani iliyotajwa kuwa zaidi ya dola milioni 250 kwa miaka 5.

Ndugu yetu atasema hayo ni ya Marekani. Basi na atoe simu yake mfukoni. Mwaka 2021 pekee Google iliwalipa watengenezaji wa simu na wenzao dola bilioni 26 na milioni 300 ili mtambo wake uwe ndio wa kwanza mtu anapotafuta jambo. Fedha hizo zingejenga reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi zaidi ya mara sita. Agosti 2024 jaji wa Washington alisema kampuni hiyo imevunja sheria ili ishike soko peke yake. Mtu halipi mali kama hiyo kwa jambo dogo. Anayeshika mlango wa kutafutia ndiye anayeamua utaona nini kwanza na nini hutaona kabisa.

Nasi hapa Kenya tumekwisha kuonja. Februari 2015, wakati wa kuhama kwenda matangazo ya dijitali, Citizen, NTV na KTN zilitoka hewani karibu majuma matatu. Wenye stesheni walitaka mitambo yao na ving'amuzi vyao. Hawakutaka StarTimes na GOtv wabebe vipindi vyao bila mapatano. Serikali nayo ikashika tarehe yake. Kila upande ulikuwa na mawakili. Mtazamaji aliyenunua TV kwa mkopo alikuwa na kioo cheusi, na hakuna aliyemwita mezani.

Sasa nije kwa neno la "mali ya mwenyewe". Mimi ni mtu wa reli, na najua mbebaji akianza kuchagua mzigo wa nani upite kwa bei gani, nchi huumia. Katika miaka ya 1920 mahindi ya masetla yalibebwa kwenda Kilindini kwa nauli ya chini, na bidhaa za kutoka ng'ambo, pamoja na nguo alizovaa Mwafrika, zikalipa nauli ya juu. Na tusiwaseme wakoloni peke yao. Agosti 2019 ilitoka amri kuwa makontena ya kutoka bandari ya Mombasa yaende kwa SGR tu. Madereva wa malori wakakosa kazi, Changamwe na Mariakani biashara zikalala, watu wa Mombasa wakaandamana, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ikasema amri ile haikufuata Katiba. Nasema hivi ingawa reli ndiyo inayonilisha. Mzigo uje kwetu kwa sababu tunaubeba vizuri, si kwa sababu njia nyingine imefungwa.

Tena, habari hiyo imetengenezwa na nani? Behewa likianguka, mwandishi huja kwetu kuuliza, nasi humwambia bure. Maji yakijaa mtaani, mama wa sokoni ndiye humweleza. Mwandishi mwenyewe, yule wa kaunti, mara nyingi hana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa habari moja moja, na habari isipotoka nauli yake imepotea. Basi tajiri akisema "ni mali yangu, namwuzia mmoja," auza jasho la watu wengi ambao hawajui hata kuwa mnada umefanyika.

Na mitambo hii mipya inayotaka kumeza magazeti imefundishwa pia na mikono ya hapa Nairobi. Gazeti la TIME liliandika Januari 2023 kuwa vijana wa Kenya walioajiriwa na kampuni ya Sama kusoma na kupanga maandiko machafu kwa kazi ya OpenAI walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Tazama hesabu hiyo pamoja na ile ya milioni 250. Lakini vijana wa kazi za namna hiyo hawakukaa wakilia. Tarehe 1 Mei 2023, Siku ya Wafanya Kazi, zaidi ya 150 kati yao walikusanyika Nairobi wakapiga kura kuunda chama. Hao ni ndugu zetu kama alivyo fundi wa karakana.

Ndugu yangu wa tawi alikuwa na neno moja la haki, nalo silikatai: magazeti yanaibiwa. Mtambo ukinyofoa habari ukampa msomaji muhtasari, msomaji hafiki gazetini, tangazo halilipwi, na mwandishi hufukuzwa. Malipo yawepo. Lakini yako malipo ya namna mbili. Afrika Kusini tume ya ushindani ilichunguza jambo hili, na Novemba 2025 Google ikakubali kutoa randi milioni 688 kwa miaka 5 kuyasaidia magazeti na matangazo ya nchi ile. Hayo ni mapatano ya mbele ya watu, wala hayamfungii mwingine mlango. Kanada ilitunga sheria yake. Google ikakubali kulipa dola za Kanada milioni 100 kwa mwaka, lakini kampuni ya Facebook ikaona heri kuondoa habari zote. Ilifanya hivyo Agosti 2023, na mwezi ule ule moto wa msituni ukawafukuza watu wa mji wa Yellowknife, wakawa hawawezi kupelekeana habari za magazeti kwa Facebook huku wanakimbia.

Sisi hukatwa 1.5% ya nyumba na 2.75% ya afya kila mwezi. Mabadiliko ya makato hayo twayajua kwa kusoma. Habari ya kweli ikifungwa kwa kufuli, uvumi wa WhatsApp hautafungwa. Huo utaendelea kutembea bure, na siku ya mgomo ndio utakaotugawanya.

Msiniambie methali ya tembo wawili na nyasi. Nyasi hazina chama. Sisi tunacho.

Kwa hiyo katika mkutano wa tawi ujao nitaleta hoja, nayo karani amekwisha kuiandika. Twataka wajumbe wetu waipeleke COTU, pamoja na ndugu zetu wa Chama cha Waandishi wa Habari, madai mawili kwa Bunge. Kwanza, sheria ikataze gazeti au stesheni yo yote ya Kenya kuuza habari za siku kwa mtambo mmoja kwa sharti la kuwafungia wengine. Pili, fedha yo yote itakayotoka kwa makampuni hayo, fungu lake litajwe katika mkataba wa chama na mwajiri, limfikie mwandishi, hata yule anayelipwa kwa habari moja moja. Anayepinga aje apinge kwa hoja. Anayeunga mkono aje mapema, kwa kuwa mara ya mwisho hatukutimiza idadi mpaka saa kumi na mbili jioni, na treni ya Ruiru haikutungoja.

Mfanya Kazi wa Reli,
Membley, Ruiru.